Dhana ya Utawala wa Jeni katika Ngazi za Molekuli, Seli na Mwili: Mfano wa Selimundu

IKISIRI

Makala haya yanachunguza dhana ya utawala wa jeni kama inavyofundishwa katika kozi za awali za biolojia ya seli na molekuli vyuoni. Mfano uliochaguliwa ni selimundu, ugonjwa wa damu unaotokana na badiliko la herufi moja katika DNA. Kwa kawaida vitabu vya kiada huieleza aleli ya selimundu kuwa ni fichika, na mwanafunzi hujibu hivyo katika mtihani. Makala yanaonyesha kwamba jibu hilo linahusu ngazi moja tu ya uchunguzi, yaani ugonjwa kama unavyojidhihirisha kwa mgonjwa. Katika ngazi ya protini, ya seli na ya kinga dhidi ya malaria, aleli hiyo hiyo hutoa majibu mengine. Hoja inayotetewa ni kwamba utawala si sifa iliyomo ndani ya jeni, bali ni uhusiano wa aleli mbili unaopimwa kwa kigezo fulani. Kutolitambua hilo huleta madhara nje ya darasa, hususani katika ushauri unaotolewa kwa familia.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo ya damu ya kijana mmoja kutoka Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno, ambaye chembe zake nyekundu za damu zilionekana katika hadubini zikiwa ndefu, nyembamba na zilizopinda. Umbo hilo ndilo lililoupa ugonjwa jina lake, na Kiswahili kimelihifadhi kwa uwazi kuliko istilahi nyingi za tiba: selimundu ni seli iliyo mfano wa mundu, zana ya kukatia majani na kuvunia mpunga. Jina hilo linafaa, lakini lina uamuzi ndani yake. Linataja seli. Halitaji protini, wala jeni, wala mtu anayeumwa, na kama itakavyoonekana hapa chini, kuchagua lipi la kutaja ni karibu sawa na kuchagua jibu la swali la urithi.

Swali hilo lilipata majibu mawili yanayopingana. Mwaka 1917 Victor Emmel alionyesha kwamba tone la damu likifungiwa kati ya vipande viwili vya kioo na kuachwa, chembe za baadhi ya watu hugeuka umbo na kuwa mundu. Mwaka 1923 Taliaferro na Huck walizichunguza familia kwa njia hiyo, na wakahitimisha kwamba hali hiyo hurithiwa kama jeni moja tawala. Miaka 26 baadaye, yaani mwaka 1949, James Neel nchini Marekani na E. A. Beet, daktari aliyefanya uchunguzi wake Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), walionyesha, kila mmoja kwa upande wake, kwamba mgonjwa ni yule aliyerithi aleli hiyo kutoka kwa baba na pia kwa mama. Aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa, ingawa damu yake ikifungiwa kiooni hugeuka vilevile.

Ni rahisi kusema kwamba watafiti wa 1923 walikosea na wale wa 1949 wakawasahihisha. Ndivyo historia hii inavyosimuliwa mara nyingi. Hata hivyo, Taliaferro na Huck walipima jambo moja, yaani kugeuka kwa chembe katika tone lililokosa oksijeni, na katika jambo hilo aleli moja inatosha kuleta tokeo. Neel na Beet walipima jambo jingine, yaani ugonjwa. Matokeo ya pande zote mbili yanasimama hadi leo. Kilichohitaji kusahihishwa ni dhana kwamba neno "tawala" au "fichika" linaweza kubandikwa kwenye jeni pasipo kutaja kilichopimwa.

Katika maelezo yanayofuata, aleli ya kawaida inawakilishwa kwa A na ya selimundu kwa S. Mtu mwenye AA hana aleli ya selimundu. Mwenye AS ana aleli moja na huitwa mbebaji. Mwenye SS ndiye mgonjwa.

2.0 Kutoka herufi hadi protini

Himoglobini ya mtu mzima imeundwa kwa minyororo minne ya asidi amino: miwili ya alfa na miwili ya beta. Jeni ya mnyororo wa alfa imo katika kromosomu ya 16, na ya mnyororo wa beta imo katika kromosomu ya 11. Selimundu inahusu jeni hii ya pili. Kila herufi tatu za jeni huunda kodoni moja, na kila kodoni husimamia asidi amino moja. Katika aleli A, kodoni ya nafasi ya sita ya mnyororo wa beta ni GAG, inayosimamia asidi ya glutamiki. Katika aleli S ni GTG, inayosimamia valini. Mnyororo mzima una asidi amino 146, na nyingine zote 145 zimebaki vilevile.

Si kila badiliko la herufi huwa na tokeo kama hili. Kama GAG ingegeuka kuwa GAA, asidi amino ingebaki kuwa ile ile, kwa kuwa kodoni zote mbili husimamia asidi ya glutamiki, na pengine badiliko hilo lisingejulikana na yeyote hadi teknolojia ya kusoma DNA ilipopatikana.

Jeni husomwa kwa hatua mbili. Kwanza DNA hunakiliwa kuwa RNA ndani ya kiini cha seli, ambapo herufi T hubadilishwa na U, na vipande visivyohitajika huondolewa. Kisha RNA hiyo husomwa na ribosomu nje ya kiini na kutoa mnyororo wa asidi amino. Istilahi za Kiswahili, unukuzi kwa hatua ya kwanza na tafsiri kwa ya pili, zinalifafanua jambo hili vizuri: anayenukuu hubaki katika lugha ile ile, na anayetafsiri huhamia lugha nyingine. Inapasa kusisitizwa, kwa kuwa wanafunzi wengi hulichanganya, kwamba katika selimundu unukuzi haujakosewa wala tafsiri haijakosewa. Ribosomu inapokutana na GUG huweka valini, na hivyo ndivyo ipasavyo. Seli ya mgonjwa hutekeleza kwa uaminifu kamili maagizo iliyorithi.

Ushahidi kwamba tofauti imo katika protini yenyewe ulitolewa mwaka 1949 na Linus Pauling pamoja na Harvey Itano, S. J. Singer na Ibert Wells. Waliipitisha himoglobini katika uga wa umeme, kwa njia iitwayo elektroforesisi. Himoglobini ya mgonjwa ilisafiri tofauti na ya mtu asiye na aleli hiyo, jambo lililoonyesha kwamba chaji zake za umeme si sawa. Sababu halisi ilijulikana pale Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alipoikatakata himoglobini kwa kimeng'enya cha tripsini na kulinganisha vipande. Kipande kimoja tu kilitofautiana, na mwaka 1957 alieleza kwamba ndani yake asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi, nafasi yake imechukuliwa na valini, isiyo na chaji.

Katika kazi ya Pauling na wenzake lililo muhimu zaidi kwa mjadala huu ni matokeo ya damu ya wabebaji. Kama aleli A ingeitawala aleli S katika ngazi hii, damu ya AS ingetoa himoglobini ya kawaida peke yake. Kama aleli hizo zingechanganyika kama rangi mbili, ingepatikana himoglobini ya aina moja iliyo katikati. Hakuna lililotokea kati ya hayo. Zilipatikana himoglobini za aina mbili kwa pamoja, A na S, kila moja ikisafiri kwa mwendo wake. Jeni zote mbili zimenukuliwa na zote zimetafsiriwa. Kwa hiyo, katika ngazi ya protini, jibu sahihi ni kwamba aleli hizi hutawala kwa pamoja.

Hata hapo, kutawala kwa pamoja si kugawana nusu kwa nusu. Kwa kawaida himoglobini S katika damu ya mbebaji ni asilimia 35 hadi 40 tu. Mnyororo wa alfa huungana kwa urahisi zaidi na mnyororo wa beta wa kawaida kuliko ule wa S, kwa sababu ya tofauti ya chaji iliyokwisha kutajwa.

3.0 Ndani ya chembe nyekundu

Chembe nyekundu ya damu ni seli ya ajabu kidogo kumfundishia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa sababu imepoteza karibu kila kitu kinachoonyeshwa katika mchoro wa seli ubaoni. Inapokomaa katika uboho hutoa kiini chake, na baadaye hupoteza mitokondria na ribosomu. Hivyo haiwezi kugawanyika wala kutengeneza protini mpya, na huishi kwa takriban siku 120 ikitegemea akiba iliyopewa tangu mwanzo. Kilichobaki ni utando, na ndani yake molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270, zikiwa na mkolezo wa takriban gramu 33 kwa kila mililita 100 za seli. Msongamano huo ndio unaolifanya badiliko la herufi moja kuwa hatari. Himoglobini S katika mkolezo mdogo ni protini isiyo na madhara yoyote, na hubeba oksijeni kama kawaida.

Himoglobini inapoachia oksijeni hubadili umbo. Katika umbo hilo hujitokeza juu ya mnyororo wa beta mfuko mdogo unaokwepa maji, ulioundwa na fenilalanini ya nafasi ya 85 na lusini ya nafasi ya 88. Valini nayo hukwepa maji, ilhali asidi ya glutamiki huyavuta. Matokeo yake ni kwamba valini ya molekuli moja huingia katika mfuko wa molekuli jirani, hiyo nayo huishika inayofuata, na hatimaye hufanyika kamba ngumu ya nyuzi 14 zilizosokotwa pamoja. Mfuko huo haukuletwa na badiliko la jeni, kwani upo hata katika himoglobini A. Kinachokosekana katika himoglobini A ni kitu cha kuujaza.

Kamba hizo hazisokotwi papo hapo. Tafiti zilizoanzishwa na James Hofrichter, Philip Ross na William Eaton mwaka 1974 zilionyesha kwamba oksijeni ikiondolewa, kwanza hupita muda ambapo hakuna kinachoonekana, kisha kamba hutokea kwa ghafla na kwa kasi. Muda huo wa kusubiri hutegemea mkolezo wa himoglobini S kwa kipeo kikubwa sana, kiasi kwamba tofauti ndogo ya mkolezo hutenganisha seli inayogeuka mundu katika sehemu ya sekunde na ile inayohitaji dakika nyingi. Safari ya chembe kupitia kapilari huchukua takriban sekunde moja, ndipo irudi mapafuni kuchukua oksijeni tena. Kwa hiyo swali linaloamua hali ya mgonjwa si kama himoglobini yake inaweza kusokotana. Inaweza. Swali ni kama chembe itawahi kutoka katika kapilari kabla muda wa kusubiri haujaisha.

Utando wa seli huingia katika hesabu hii kwa namna isiyotarajiwa. Kamba zinaposukuma utando kutoka ndani, utando huruhusu kalsiamu kupenya. Kalsiamu hufungua njia maalumu ya potasiamu iitwayo njia ya Gardos, potasiamu hutoka, maji huifuata kwa osmosisi, na seli husinyaa. Seli iliyosinyaa ina himoglobini ile ile katika maji machache zaidi. Mkolezo umepanda, na muda wa kusubiri katika mzunguko unaofuata umefupika. Kadiri seli inavyogeuka ndivyo inavyozidi kuwa rahisi kugeuka tena, mpaka nyingine hubaki na umbo la mundu hata zikiwa zimejaa oksijeni. Chembe za mgonjwa huishi kwa takriban siku 10 hadi 20, na upungufu wa damu hutokana na hilo.

Hali ya mbebaji katika ngazi hii inahitaji kuelezwa kwa makini, kwa sababu hapa pana kosa linalojirudia katika majibu ya mitihani. Inadhaniwa kwamba mtu mwenye AS ana chembe za aina mbili, baadhi nzima na baadhi zenye umbo la mundu. Sivyo. Kila seli inayotengeneza damu katika mwili wake ina kromosomu zote mbili za 11, na jeni zote mbili hufanya kazi, hivyo kila chembe ina mchanganyiko wa himoglobini A na S. Picha ya chembe za aina mbili ni sahihi kwa hali nyingine, yaani upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kwa wanawake wabebaji. Jeni yake imo katika kromosomu X, na katika kila seli ya mwanamke kromosomu X moja huzimwa. Pengine mifano hii miwili ingefundishwa sambamba, kosa hilo lingepungua.

Katika chembe ya AS, mkolezo wa himoglobini S ni chini ya nusu ya ule wa SS, na muda wa kusubiri ni mrefu kuliko safari ya kapilari kwa kiasi kikubwa. Chembe hurudi mapafuni salama. Lakini tone la damu hiyo hiyo likichanganywa na sodiamu metabisalfaiti ili kuondoa oksijeni, kisha likaachwa kwa muda, chembe zake hugeuka. Kwa hiyo jibu la ngazi ya seli hutegemea saa: ndani ya sekunde moja aleli S inaonekana fichika, na baada ya kusubiri vya kutosha inaonekana tawala. Taliaferro na Huck walisubiri.

Mwili wenyewe unazo sehemu ambazo husubiri. Sehemu ya ndani ya figo ina oksijeni kidogo, asidi nyingi na chumvi nyingi inayonyonya maji kutoka katika seli. Mambo hayo yote huharakisha kusokotana. Kwa sababu hiyo wabebaji wengi wenye afya njema hushindwa kuukoleza mkojo kikamilifu, na baadhi huwahi kupata damu katika mkojo. Katika figo, basi, hata mtu mwenye AS hawezi kusemwa kwamba ni sawa kabisa na AA.

4.0 Mwili, familia na kliniki

Ugonjwa wenyewe, pamoja na maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, uharibifu wa bandama, maambukizi ya bakteria na kiharusi kwa watoto, ni wa watu wenye SS. Kwa kigezo hiki aleli S ni fichika. Wazazi wawili wenye AS, katika kila ujauzito, wana uwezekano wa robo moja wa kupata mtoto mwenye SS, nusu kupata mwenye AS, na robo kupata mwenye AA. Uwezekano huo huanza upya katika kila ujauzito. Familia yenye mtoto mmoja mgonjwa haijalipa deni lake ili watatu wanaofuata wawe salama. Aidha, ndugu wa mgonjwa asiye mgonjwa mwenyewe ana uwezekano wa theluthi mbili wa kuwa mbebaji, kwa kuwa fungu la SS limekwisha kuondolewa katika hesabu.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Idadi inayotajwa zaidi ni makadirio ya watoto 11,000 kwa mwaka. Katika mazingira hayo utata wa ngazi huacha kuwa suala la mtihani. Kipimo cha bei nafuu cha kugeuza chembe kwa metabisalfaiti hutoa jibu chanya kwa mwenye AS na kwa mwenye SS bila kuwatofautisha. Kipimo hicho huuliza swali la 1923. Mama anayejibiwa kwamba kipimo ni chanya husikia jibu la swali la 1949, yaani kwamba mtoto wake ni mgonjwa. Kinyume chake pia hutokea: kijana mwenye AS huambiwa kwamba hana ugonjwa, jambo ambalo ni kweli, naye huelewa kwamba hana aleli, jambo ambalo si kweli, kisha huoa au kuolewa na mwenye AS mwingine bila kujua. Elektroforesisi, yaani mbinu ile ile ya Pauling, huondoa utata huo kwa sababu huonyesha protini zote mbili. Usemi unaosikika kwamba fulani "ana selimundu kidogo" hauna mahali pa kusimama katika ngazi yoyote: mbebaji hana ugonjwa kidogo, na himoglobini S aliyo nayo si kidogo.

Hata kati ya wenye SS, ukali wa ugonjwa hutofautiana sana. Mtoto mchanga mwenye SS kwa kawaida haonyeshi dalili katika miezi ya kwanza, jambo lililoelezwa na Janet Watson mwaka 1948. Sababu ni himoglobini ya kijusi, ambayo badala ya minyororo ya beta ina minyororo ya gama, inayotokana na jeni nyingine kabisa. Molekuli yenye mnyororo mmoja wa gama na mmoja wa S haiingii katika kamba, ilhali yenye mnyororo mmoja wa A na mmoja wa S inaweza kuingia. Kwa hiyo himoglobini ya kijusi huzuia kusokotana kwa nguvu kuliko himoglobini A ya kiasi kile kile. Inapopungua baada ya kuzaliwa, dalili huanza.

Kwa watu wengine haipungui sana. Mashariki ya Saudi Arabia na sehemu za India, wagonjwa wengi wa SS wana himoglobini ya kijusi ya kiwango cha juu hadi utu uzima, na ugonjwa wao mara nyingi huwa mpole zaidi. Nchini Oman hupatikana aleli S iliyomo katika kipande cha kromosomu cha aina hiyo ya Kiarabu na Kihindi, na vilevile katika vipande vya aina za Benin na ya Kibantu, vilivyofika huko kupitia uhamaji na biashara ya watumwa ya Bahari ya Hindi. Herufi iliyobadilika ni ile ile moja, ilhali jirani zake katika kromosomu ni tofauti na ukali wa ugonjwa ni tofauti.

5.0 Kinga dhidi ya malaria

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alishiriki katika msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya na kukusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Alibaini kwamba wabebaji walikuwa wengi katika ukanda wa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii, na walikuwa wachache sana katika nyanda za juu. Mgawanyo huo ulifanana na mgawanyo wa malaria. Mwaka 1954 alichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanaume wa Kijaluo waliojitolea waliambukizwa malaria: kati ya 15 wasio na aleli S, 14 walionekana na vimelea katika damu, kati ya wabebaji 15, ni wawili tu. Jaribio la namna hiyo lisingepitishwa kirahisi na kamati ya maadili ya leo, lakini hitimisho lake limethibitishwa kwa njia nyingine, zikiwamo tafiti za muda mrefu za Kilifi, ambazo zilionyesha kwamba hali ya AS hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Namna kinga hiyo inavyofanya kazi haitokani na sababu moja. Chembe ya AS iliyoingiwa na Plasmodium falciparum hugeuka mundu kwa urahisi kuliko isiyo na kimelea, na bandama huiondoa mapema. Vilevile kimelea ndani ya chembe hiyo hushindwa kupanga vizuri juu ya utando protini inayotumika kujishikiza kwenye kuta za mishipa, na kujishikiza huko ndiko huleta malaria ya ubongo.

Mtu angeweza kusema, basi, kwamba kwa kigezo cha kinga aleli S ni tawala, kwa kuwa moja inatosha. Usemi huo haujitoshelezi. Mtoto mwenye SS akipata malaria yumo katika hatari kubwa ya kufa, kwa sababu upungufu wake wa damu hauna akiba ya kumvusha. Ndiyo maana watoto hao hupewa dawa za kuzuia malaria. Kwa kigezo cha uhai penye malaria, AS huwashinda AA na SS kwa pamoja. Hali hiyo haiingii katika jozi ya "tawala" na "fichika" hata kidogo, na ndiyo inayoeleza kwa nini aleli inayoua watoto wa SS haikutoweka: ilipotezwa kwa kila mtoto wa SS aliyekufa, na ikahifadhiwa kwa kila mtoto wa AS aliyepona malaria.

6.0 Tiba isiyogusa herufi

Mtazamo wa ngazi unaonekana vizuri katika tiba. Haidroksiurea, dawa inayotumika sana, hairekebishi jeni. Huongeza himoglobini ya kijusi, na vilevile huzifanya chembe kuwa kubwa zaidi, hivyo mkolezo wa himoglobini S hupungua na muda wa kusubiri hurefuka. Utafiti wa REACH, uliochapishwa mwaka 2019 na kufanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba kwa watoto wa Afrika dawa hiyo inaweza kutumika kwa usalama, na kwamba ilipunguza maumivu, maambukizi, malaria na vifo.

Tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba mwaka huo huo, hufuata njia hiyo hiyo kwa zana nyingine. Seli mama za damu huchukuliwa kutoka kwa mgonjwa na kukatwa kwa CRISPR katika kipande cha DNA kinachoiwasha jeni ya BCL11A ndani ya seli zinazotengeneza chembe nyekundu. Jeni hiyo ndiyo inayozima utengenezaji wa himoglobini ya kijusi. Ikizimwa yenyewe, himoglobini hiyo hurudi. Uboho uliobaki mwilini huuawa kwa dawa kali, kisha seli zilizohaririwa hurudishwa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kodoni ya sita haiguswi na tiba hii. Aliyetibiwa bado ana GTG katika kromosomu zake zote mbili za 11, bado hutengeneza himoglobini S, na kipimo cha elektroforesisi bado kitaionyesha. Kwa kigezo cha jeni yeye ni SS. Kwa kigezo cha protini ana S na himoglobini ya kijusi. Kwa kigezo cha seli chembe zake huwahi kurudi mapafuni. Kwa kigezo cha maumivu wengi wa waliotibiwa wameacha kuyapata. Seli za uzazi hazikuhaririwa. Kila mtoto atakayezaa atarithi aleli S kutoka kwake, na mwenza wake akiwa AS, nusu ya uwezekano katika kila ujauzito itakuwa ni mtoto mwenye SS.